Tathmini ya Somo Isiandikwe Leo

Miongoni mwa sehemu zote za andalio la somo hakuna inayojazwa kwa haraka kama ile ya mwisho, yaani tathmini. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hutumia jioni nzima kufikiri juu ya utangulizi, hatua za somo na zana zake, lakini kengele ikishalia, huinama mezani na kuandika: "Somo lilieleweka vizuri. Wanafunzi wengi walijibu maswali." Kisha hufunga daftari na kwenda zake. Nimeyasoma maneno hayo katika madaftari mengi ya wanachuo, na kusema kweli nimeyaandika mwenyewe mara nyingi nilipokuwa kijana. Si maneno ya uongo. Aliyeyaandika aliiona mikono iliyonyooshwa, na majibu aliyasikia kwa masikio yake. Hata hivyo nakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba tathmini ya namna hiyo haipimi kile tunachodhani inakipima, na kwamba mwalimu aandikaye tathmini mwisho wa kipindi ni sawa na mkulima anayehesabu magunia ya mavuno siku ya kupanda.

Sababu za kusema hivyo hazitoki katika ualimu peke yake. Zinatoka pia katika mambo yaliyogunduliwa kuhusu ubongo wa binadamu tangu miaka ya 1950, hasa kuhusu sehemu yake moja ndogo iitwayo hipokampasi. Wanachuo huisikia kwa nadra katika somo la saikolojia, nayo huwapita kama jina jingine la kukariri kwa ajili ya mtihani. Yafaa tuitazame kwa makini zaidi, maana inahusu kazi yetu ya kila siku.

Mtoto aliyejua Jumanne

Kwanza nitaeleza kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa pili kazini nilifundisha darasa la nne mito mikubwa ya nchi yetu: Rufiji, Ruvuma, Pangani, Wami na Kagera. Ilikuwa siku ya Jumanne. Tuliitaja pamoja kwa sauti mara nyingi, nikaionyesha katika ramani niliyoichora kwa chaki za rangi. Mwisho wa kipindi nilimwita mbele mvulana mmoja mpole, akaitaja yote mitano pasipo kukosea, wenzake wakampigia makofi. Kesho yake nilimwuliza tena. Akautaja Rufiji, akanyamaza. Nilidhani anafanya ukaidi, kwani mimi mwenyewe nilikuwa shahidi kwamba jana alijua. Mbele ya darasa nilimwambia kwamba kichwa chake ni gunia lililotoboka. Watoto wakacheka. Tangu siku hiyo hadi muhula ulipokwisha, mtoto yule hakunyoosha mkono tena katika somo langu.

Sikumpiga, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Leo naona kwamba nilimwadhibu kwa jambo ambalo lilikuwa wajibu wangu. Yeye siku ya Jumanne alifanya yote niliyomtaka afanye. Mimi ndiye niliyeacha kufundisha siku hiyo hiyo ya Jumanne, nikitumaini kwamba ubongo wake utaimaliza kazi peke yake.

Sehemu ndogo yenye kazi kubwa

Ndani ya ubongo, nyuma ya panja, karibu na usawa wa sikio, imo hipokampasi moja kila upande. Kwa hiyo kila mtu anazo mbili. Aliyezipa jina hilo ni Giulio Cesare Aranzi, mwalimu wa elimu ya mwili wa binadamu katika mji wa Bologna, Italia, mwaka 1587. Umbo lake lililopinda lilimkumbusha yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi, naye ndiye aitwaye hivyo kwa Kigiriki. Jina likapatikana, lakini kazi ya kiungo chenyewe haikujulikana kwa zaidi ya miaka mia tatu. Wako wataalamu waliofikiri kwamba inahusu kunusa.

Jibu lilipatikana kwa njia ya msiba wa mtu mmoja. Henry Molaison alizaliwa mwaka 1926 katika jimbo la Connecticut, Marekani. Tangu utoto alisumbuliwa na kifafa, nacho kilizidi hata akashindwa kufanya kazi kama watu wengine. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 27, daktari mpasuaji William Scoville alimfanyia upasuaji katika mji wa Hartford, akaondoa sehemu za ndani za ubongo nyuma ya panja zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi za pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Lakini ilionekana mara moja kwamba Henry hakuwatambua wauguzi waliomhudumia kila siku, wala hakuweza kukumbuka njia ya kwenda msalani.

Mwezi wa Aprili 1955 alipimwa na Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi Montreal, Kanada. Akili ya Henry ilikuwa timamu. Katika kipimo cha akili alipata alama 112, ambayo ni juu ya wastani. Alizungumza vizuri, alifahamu maana ya maneno, na mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Alipoulizwa tarehe ya siku ile, alijibu kwamba ni mwezi wa Machi 1953, na kwamba umri wake ni miaka 27. Miaka miwili ilikuwa imempitia bila kuacha alama. Scoville na Milner walichapisha habari hizi mwaka 1957, na tangu hapo hipokampasi haikutazamwa tena kama kiungo kisicho na kazi maalumu. Henry aliendelea kupimwa kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2008, akiwa na umri wa miaka 82. Muda wote huo jina lake lilifichwa, akatajwa kwa herufi mbili tu, H.M. Tunapomtaja darasani yatupasa kumtaja kwa heshima, kwani elimu hii ililipiwa na maisha yake.

Kushika si kuhifadhi

Kati ya mambo mengi yaliyoonekana kwa Henry, moja linatuhusu sisi walimu kuliko yote. Siku moja Milner alimpa namba 584 aikumbuke, akamwacha peke yake. Aliporudi baada ya dakika 15, Henry aliitaja namba hiyo bila kosa. Alikuwa ameishikilia muda wote kwa kuizungusha akilini, akijumlisha tarakimu zake na kuzitenga tena. Lakini mazungumzo yalipogeukia jambo jingine, baada ya dakika moja tu hakuikumbuka tena namba ile, wala hakukumbuka kwamba aliwahi kupewa namba yoyote.

Nawaomba wanachuo wasimame kidogo hapa. Mtu huyu, ambaye hakuweza kuweka jambo jipya katika kumbukumbu ya kudumu, aliweza kulishika jambo kwa robo saa kwa njia ya kulirudiarudia tu. Maana yake ni kwamba kushika na kuhifadhi ni kazi mbili tofauti. Kushika kunahitaji uangalifu na marudio ya papo hapo. Hipokampasi si lazima. Kuhifadhi mambo tuliyoyaona na kuyasikia, yawe yetu kesho na mwezi ujao, kunaihitaji.

Sasa tumweke Henry katika darasa langu Jumanne ile. Tukiimba naye mito mitano na kumwuliza papo hapo, angejibu sawasawa, darasa lingempigia makofi, nami ningeandika katika daftari langu kwamba somo lilieleweka. Kipimo ambacho angeshinda mtu asiyeweza kuhifadhi si kipimo cha kuhifadhi. Hilo ndilo neno langu kuu katika makala haya, na yote yanayofuata ni matokeo yake.

Kumbukumbu hujengwa kwa muda

Mwanachuo aweza kuuliza: Je, hipokampasi ndiyo ghala ya kumbukumbu? La. Henry alibakiwa na kumbukumbu za utoto ingawa sehemu kubwa ya hipokampasi zake ilikuwa imeondolewa. Kwa hiyo mambo ya zamani yalikuwa yamewekwa mahali pengine, hasa katika gamba la nje la ubongo. Tukio moja lina sehemu nyingi: sauti ya mwalimu, rangi za ramani, neno "Ruvuma", jirani aliyeketi dawatini. Kila sehemu hupokelewa mahali pake katika gamba la ubongo, na kazi ya hipokampasi ni kuziunganisha sehemu hizo, hata ikiguswa moja, nyingine ziamke. Mwanzoni kifundo hicho ni dhaifu. Hukazwa kadiri siku zinavyopita na jambo linavyorudiwa, hata mambo mengine yakaweza kusimama bila msaada wa hipokampasi. Wataalamu wangali wakijadiliana kama matukio ya maisha yetu huachana nayo kabisa. Lakini kwamba kazi hiyo huchukua muda, halina ubishi.

Sehemu ya kazi hiyo hufanyika usingizini. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walieleza kwamba chembe za hipokampasi za panya zilizokuwa zikifanya kazi pamoja wakati panya wakizunguka mchana, zilifanya kazi pamoja tena walipolala, kana kwamba safari ile inarudiwa. Uchunguzi kwa wanadamu nao umeonyesha kwamba usingizi husaidia kuimarisha mambo tuliyojifunza. Kwa hiyo mwalimu anayepima mwisho wa kipindi anapima kabla kazi haijaanza sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo Henry alitufundisha. Milner alimpa mchoro wa nyota akamtaka afuatishe mstari wake kwa kalamu huku akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hiyo ni ngumu kwa kila mtu. Henry aliifanya kwa siku tatu, na makosa yake yakapungua siku hadi siku, ingawa kila siku aliona kama kazi hiyo ni mpya kwake. Mkono ulijifunza jambo ambalo mwenyewe hakujua kwamba amejifunza. Hivyo twajua kwamba ustadi wa mwili, kama kuumba herufi kwa kalamu au kufuma mkeka, hupita njia nyingine ya ubongo, nao hupatikana kwa kutenda tena na tena. Mwalimu anayeeleza kwa maneno namna ya kushika kalamu, kisha akauliza "Mmeelewa?", anagonga mlango usio wake.

Ushahidi wa darasani

Haitoshi kuongea juu ya ubongo peke yake. Habari za ubongo hutueleza kwa nini jambo laweza kuwa hivyo. Lakini njia ya kufundisha sharti ipimwe kwa wanafunzi wenyewe. Kwa bahati njema imepimwa.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alijifunza orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani cha kazi atakiokoa akijifunza upya baada ya muda. Baada ya dakika 20 aliokoa kiasi cha asilimia 58. Baada ya saa moja 44. Baada ya siku moja 34. Na baada ya siku 31 alibaki na 21. Tazama jinsi hasara kubwa inavyoingia katika saa ya kwanza, na jinsi inavyopungua kasi baadaye. Mvulana wangu wa Jumanne hakuwa gunia lililotoboka. Alikuwa binadamu kama Ebbinghaus.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, na katika vipindi vitatu vilivyobaki liliandika yote liliyoweza kuyakumbuka bila kutazama kifungu. Dakika tano baadaye waliosoma mara nne walikumbuka asilimia 83, na wenzao 71. Lakini juma moja lilipopita mambo yaligeuka: waliosoma tu walikumbuka asilimia 40, na wale waliojikumbusha wenyewe 61. Tena waliosoma mara nyingi ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka.

Tafakarini matokeo hayo. Kama watafiti wale wangeandika tathmini yao baada ya dakika tano, kama tufanyavyo sisi, wangesifu njia dhaifu na kuiacha njia bora. Ndivyo inavyotokea katika shule zetu bila mtu kukusudia: tathmini ya papo hapo humtuza mwalimu aimbishaye darasa, nayo humvunja moyo yule anayewaacha watoto watafute jibu kwa shida.

Swali la kesho

Basi napendekeza jambo moja ambalo halihitaji fedha wala kibali cha mtu. Mwanachuo asiandike tathmini ya somo lake siku alipolifundisha. Aiache nafasi ile wazi. Aijaze katika dakika tano za mwanzo wa kipindi kinachofuata cha somo lile lile, baada ya kuwauliza watoto maswali matatu ya somo lililopita, ubao ukiwa umefutwa na madaftari yamefungwa. Baada ya juma moja aulize tena swali moja kati ya hayo, na mwisho wa mwezi aliulize tena. Mali bila daftari, walisema wazee, hupotea bila habari. Na hilo ndilo daftari la mali yetu.

Namna ya kuuliza ni muhimu. Mwalimu akiuliza darasa zima, wajibu kumi hufunika ukimya wa hamsini. Afadhali kila mtoto aandike jibu lake, iwe katika kipande cha karatasi, ubao mdogo au hata kwa kidole juu ya mchanga, kisha amwonyeshe jirani yake. Mwalimu atembee kati ya madawati akitazama. Jibu sahihi litolewe mara moja baada ya watoto kujaribu, ili kosa lisikae. Na asiulize "Je, mnakumbuka mito?", kwa maana swali hilo hujibiwa "Ndiyo" na darasa zima. Aulize: "Andika jina la mto ulio mpakani mwa nchi yetu na Msumbiji."

Wala jambo hili si geni kwetu. Mtoto anayesikia "Kitendawili!" na kuitikia "Tega!" anajua vema kwamba furaha imo katika kutafuta jibu akilini, na kwamba akilishindwa hutoa mji ndipo aambiwe. Wazee hawakuwaimbisha watoto majibu ya vitendawili. Waliwauliza leo, wakawauliza tena usiku mwingine. Hata katika vyuo vya Kurani mwanafunzi hasemi kwamba amehifadhi sura kwa kuwa ameisoma leo; huirejea mbele ya mwalimu siku nyingine, pamoja na zile za nyuma.

Pingamizi tatu

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba muda hautoshi na muhtasari ni mrefu. Nakiri kwamba ni mrefu. Lakini mwalimu anayekimbilia mada mpya huku ya jana imepotea hajamaliza muhtasari. Amemaliza kurasa tu. Dakika tano za mwanzo wa kipindi si kodi inayotozwa somo jipya, maana somo jipya kwa kawaida husimama juu ya lile la jana.

La pili ni kwamba mkufunzi au mkaguzi akija na kukuta nafasi ya tathmini iko wazi, atampunguzia mwanachuo alama. Hapa nasema na wakufunzi wenzangu zaidi kuliko na wanachuo. Tukitaka tathmini ya kweli, tumwulize mwanachuo atuonyeshe tathmini ya somo la juzi, wala si ya somo tulilolitazama sasa hivi. Tukiendelea kudai ukurasa uliojaa kabla hatujatoka darasani, tutapewa ukurasa uliojaa, na hatutapewa kitu kingine.

La tatu ni zito zaidi. Watasema kwamba huku ni kurudisha kukariri, ambako vyuo vyetu vimejitahidi kukupiga vita kwa miaka mingi. Nami nachukia kasuku darasani kama wao. Lakini naona tumevuka mpaka. Kwa kuogopa kukariri tumefika mahali pa kudharau kumbukumbu yenyewe, kana kwamba mtoto aweza kufikiri kwa mambo ambayo hanayo kichwani. Mtoto asiyekumbuka kwamba saba mara nane ni hamsini na sita hutumia nguvu zake zote hapo, asibakiwe na nguvu za kuelewa tatizo lenyewe. Tena kasuku ni nani? Ni yule arudiaye sauti aliyoisikia sasa hivi. Anayetafuta jambo la juma lililopita na kulieleza kwa maneno yake mwenyewe si kasuku. Swali la kesho ndilo linalowatenga hao wawili. Kuimba mwisho wa kipindi huwachanganya.

Hofu hufunga mlango

Nisingependa mtu ayachukue maneno yangu kuwa ruhusa ya kuwatisha watoto kwa maswali. Hipokampasi ina vipokezi vingi vya homoni ambazo mwili hutoa wakati wa hofu na dhiki. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha mwaka 2000 kwamba watu waliopewa kotisoni, dawa ambayo mwilini hugeuka kuwa mojawapo ya homoni hizo, saa moja kabla ya kuulizwa, walikumbuka maneno machache zaidi kati ya yale waliyojifunza siku iliyotangulia. Hawakuwa wameyasahau, wakati ule njia ya kuyafikia ilizibwa.

Kwa hiyo mwalimu anayeuliza huku ameshika fimbo, au huku darasa likingoja kucheka, anauzuia mlango ambao anadai ufunguliwe. Maswali matatu ya mwanzo wa kipindi yasitolewe alama wala adhabu. Ni kipimo cha mwalimu, si cha mtoto. Iwapo nusu ya darasa imesahau, neno la kuandika katika tathmini ni hili: "Somo halikukaa, nitalifundisha tena kwa njia nyingine."

Mipaka ya elimu hii

Yafaa pia tusiitwike hipokampasi mzigo usio wake. Mwaka 1997 Faraneh Vargha-Khadem na wenzake huko London walieleza habari za vijana watatu ambao hipokampasi zao ziliharibika wangali wadogo, mmoja wao tangu kuzaliwa. Walisahau matukio ya kila siku, wakahitaji kuangaliwa wasipotee njia. Lakini walisoma katika shule za kawaida, wakajua kusoma na kuandika, wakapata maarifa mengi ya jumla. Ubongo una njia nyingi kuliko tulivyodhani baada ya Henry, hasa ubongo wa mtoto.

Wala hipokampasi si kitu kisichobadilika. Mwaka 2011 Katherine Woollett na Eleanor Maguire walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 79 waliokuwa wakijifunza njia za London ili wawe madereva wa teksi, mafunzo ambayo huchukua miaka mitatu au minne. Waliofaulu walikuwa 39, na kwao sehemu ya nyuma ya hipokampasi ilionekana kuongezeka. Kwa walioshindwa haikuongezeka. Basi na tuache kusema juu ya mtoto kwamba "hana kumbukumbu" kana kwamba tumeupima ubongo wake tukaufunga.

Lakini pia tuwe macho. Uchunguzi uliofanywa Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2007 na 2008, ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na ugumu katika kufikiri na kujifunza, hata baada ya miaka miwili. Mtoto aliyekuwa akikumbuka na sasa hakumbuki, au anayepotewa na fahamu kwa nukta chache katikati ya somo, asiitwe mvivu. Mwalimu azungumze na wazazi wake, na mtoto apelekwe hospitali. Swali la kesho litamsaidia mwalimu kumwona mtoto huyo mapema. Kuitikia kwa pamoja kungemficha mwaka mzima.

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda katika shule za mazoezi mtasikia makofi mwisho wa vipindi vyenu, nayo yatawafurahisha kama yalivyonifurahisha mimi. Yapokeeni, kisha mfunge daftari bila kuandika neno. Kesho asubuhi futeni ubao, mwulize kwa upole, na mwandike mtakachokiona. Mara za kwanza mtakachokiona kitawasikitisha. Mimi kilinisikitisha nilipoanza, miaka mingi baada ya mvulana yule kumaliza shule, nami nikiwa nimekwisha kuyaandikia maandalio yangu mamia ya tathmini nzuri.